Tufume Kofia, Tusiuze Huruma



Kila muhula gazeti letu hupata makala juu ya kilimo, michezo, na faida ya kusoma kwa bidii. Hayo yote ni mema. Muhula huu naomba nafasi nizungumze juu ya kitu kidogo ambacho wengi wetu hukivaa kila asubuhi bila kukifikiria, nacho ni kofia ya sufu ya mwanamume, ile iitwayo mzula. Maoni yangu ni haya: kofia hiyo yaweza kufumwa hapa hapa Tarime na Serengeti na vijana wetu, wa kiume na wa kike, ikauzwa kwa njia ya mtandao kwa watu wa mbali. Lakini iuzwe kwa kuwa ni kofia njema, wala isiuzwe kwa kuwa mnunuzi amemhurumia aliyeifuma. Nitaeleza kwa nini nasema hivyo, na jinsi jambo lenyewe linavyoweza kufanywa.

KWA NINI KOFIA?

Nchi yetu ina baridi kuliko wageni wanavyodhani. Miinuko ya Tarime yazidi mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, ndiyo maana kahawa ya arabika hustawi huko. Asubuhi ya mwezi wa Julai mtu asiye na kofia huyajua masikio yake. Tazama barabarani uone ni nani avaaye mzula: mlinzi wa usiku, mwendesha bodaboda wa Sirari, kijana apelekaye ng'ombe malishoni alfajiri, kondakta wa basi la Mwanza, na mzee aliyekaa juani akisubiri mkutano. Wote hao ni wanunuzi. (Mwendesha bodaboda asisahau kwamba mzula hauchukui nafasi ya kofia ngumu, huo ni wa masikio, hiyo ni ya uhai.) Lakini ukiuliza kofia hizo zimetoka wapi, utaambiwa ni mitumba, ama ni za viwanda vya ng'ambo. Ni nadra kuambiwa kwamba imefumwa na kijana wa hapa.

Tena kofia ni kazi nzuri ya kuanzia. Anayeanza na sweta hutumia uzi mwingi, huhangaika na mikono na shingo, na akikosea hupoteza mali nyingi. Kofia ya mtu mzima, ya uzi mnene, hula gramu 80 hadi 100 tu. Aliyezoea huimaliza kwa saa nne au tano. Anayejifunza atachukua siku kadhaa, wala si neno. Vyombo vyake ni sindano za kufumia, mkasi, na futi ya fundi cherehani. Asiye na sindano za dukani aweza kuchonga za mwanzi, akazilainisha kwa msasa. Watoto wengi wa Afrika Mashariki wamejifunza kufuma kwa spoku za baiskeli, ingawa spoku ni nyembamba mno kwa uzi mnene.

Kuna sababu nyingine iliyo nzito zaidi. Kila mwaka vijana humaliza Kidato cha Nne, na si wote wapatao nafasi ya kuendelea. Baadhi yao huenda Nyamongo kutafuta mawe yenye dhahabu kwenye vifusi vya mgodi uliofunguliwa mwaka 2002, na huko wameumia wengi, na wengine wamekufa. Wengine huvuka mpaka kutafuta vibarua. Sidai kwamba kofia zitawaondoa wote huko, maana hakuna kazi moja iwezayo kufanya hivyo. Nasema tu kwamba kijana mwenye ufundi mkononi ana jambo la kuchagua, na asiye na ufundi wowote huchaguliwa na shida zake.

Wala fikira hii si ngeni kwetu. Mwana wa Butiama, Mwalimu Nyerere, aliandika juu ya Elimu ya Kujitegemea mwezi wa Machi mwaka 1967, akataka shule ziwe pia mahali pa kazi na uzalishaji. Na kuanzia mwaka 2024 serikali imeanzisha mkondo wa amali katika baadhi ya shule za sekondari, ili mwanafunzi atoke na stadi ya kazi pamoja na cheti. Basi kufuma si mchezo wa kupoteza wakati. Ni sehemu ya yale tuliyokusudia tangu zamani.

JE, NI KAZI YA WANAWAKE?

Najua vijana wa kiume watacheka. Watasema, “Mura, mwanamume gani anakaa na sindano za kufumia?” Nawajibu kwa kuwauliza: ni nani ashonaye nyavu kule ziwani Victoria? Si wanaume? Na wavu ni nini kama si uzi uliofungwa fundo kwa fundo? Huko Unguja na Lamu, kofia za kushonwa kwa mkono, ambazo nyingine huchukua majuma mengi kumalizika, ni heshima ya mwanamume, na wanaume ni miongoni mwa wanaozishona.

Twende mbali zaidi. Katika nchi ya Peru, ndani ya Ziwa Titicaca, kiko kisiwa kiitwacho Taquile. Ziwa lile liko mita 3,800 hivi juu ya usawa wa bahari, na baridi yake si ya kawaida. Wafumaji wa kofia kisiwani humo ni wanaume. Mtoto wa kiume hujifunza tangu udogoni, na kofia yake huonyesha kama ameoa au hajaoa. Shirika la UNESCO limeitambua sanaa ya nguo ya kisiwa hicho kuwa urithi wa utamaduni usioshikika wa wanadamu. Basi, mwanamume wa Taquile asiyejua kufuma ndiye achekwaye.

Na huko Marekani, katika mji wa Spokane, vijana watatu wa kiume walijifunza kufuma kofia kwa sindano ya kulabu wakiwa bado shule ya sekondari, kwa sababu walipenda kuteleza kwenye theluji na walitaka kofia zao wenyewe. Nitarudi kwa vijana hao baadaye, maana habari yao inatugusa sisi wa Afrika Mashariki.

TUSEME KWELI JUU YA UZI

Hapa ndipo watu wengi wanapokosea. Sisi huita “sufu” kila uzi wenye manyoya manyoya. Lakini uzi mwingi uuzwao madukani hautokani na kondoo hata kidogo. Huitwa akriliki, nao hutengenezwa kiwandani kwa kemikali zitokanazo na mafuta ya petroli. Kondoo wetu wa kienyeji wana nywele fupi zisizofaa kusokotwa uzi. Kondoo wa sufu wafugwa zaidi katika nyanda za juu za Kenya. Kwa hiyo atakaye sufu halisi hana budi kuitafuta na kuilipia bei yake.

Namna ya kuujua uzi ni rahisi, na mwalimu wa Kemia aweza kuionyesha darasani. Kata kipande kifupi cha uzi, kishike kwa koleo, ukiguse kwa moto mahali penye usalama. Sufu huungua polepole, hunuka kama nywele zilizoungua, na majivu yake husagika kwa vidole yakisha kupoa. Akriliki huyeyuka, hutoa harufu kali ya dawa, na huacha tone jeusi lililo gumu kama shanga. Jaribio hilo halichukui dakika moja, nalo humfundisha mfumaji kutouza asichokijua.

Kila uzi una sifa zake. Sufu huweza kunyonya maji ya kadiri ya theluthi moja ya uzito wake kabla mvaaji hajahisi kuloa, ndiyo maana yafaa kwa mtu atembeaye katika ukungu. Lakini ikifuliwa kwa maji ya moto na kusuguliwa hunywea, na nondo huila. Akriliki ni rahisi, haiogopi nondo, na hufulika kwa urahisi, ila haipitishi jasho kama sufu, na ikikaribia moto huyeyuka; mtu akaaye jikoni penye kuni aambiwe hivyo. Hakuna aibu kuuza kofia ya akriliki. Aibu ni kuiita sufu. Mtu aliye Dodoma hawezi kuigusa kofia kwa simu; anayo macho tu na maneno yako. Ukimdanganya mara moja, hatanunua tena, na atawaambia na wenziwe.

HESABU ZA KOFIA

Wako wanafunzi wanaouliza hesabu zina faida gani. Kofia itawajibu. Kwanza fuma kipande cha mraba, upime ni vitanzi vingapi viko katika sentimeta 10. Tuseme umepata 18. Kichwa cha mwanamume mzima huwa na mzunguko wa sentimeta 56 hadi 60, na kofia yapasa iwe ndogo kuliko kichwa kwa sentimeta kadhaa ili ishike. Ukitaka kofia ya sentimeta 50, vitanzi vyako ni 18 mara 5, yaani 90. Lakini ukingo wa kofia hufumwa kwa zamu, vitanzi viwili vya mbele na viwili vya nyuma, kwa hiyo hesabu yake lazima igawanyike kwa 4. Basi utachukua 88, na kofia itakuwa karibu sentimeta 49. Mtu asiyepima hufuma kofia tatu za namna tatu, moja ya mtoto, moja ya mtu mzima, na moja ya mtungi.

Hesabu ya pili ni ya bei. Nitatumia mfano wa tarakimu nyepesi, na kila mtu aweke bei za dukani kwake. Chukua kwamba uzi wa kofia moja ni shilingi 4,000. Kitambaa cha jina, mfuko, na bando la simu ni shilingi 1,000. Kazi ya saa tano, kwa shilingi 1,000 kila saa, ni shilingi 5,000. Jumla ni shilingi 10,000. Mtu akiiuza kofia hiyo kwa shilingi 8,000, atashika noti mkononi na kudhani amepata, kumbe amefanya kazi ya saa mbili bure. Akiiuza kwa shilingi 12,000, amejilipa mshahara wake na shilingi 2,000 zimebaki kuwa mtaji.

Sasa tazama kofia 20. Fedha ya kuanzia ni shilingi 80,000 za uzi na shilingi 20,000 za mengineyo, jumla 100,000. Zikiisha zote kwa shilingi 12,000 kila moja, zitaleta shilingi 240,000. Ukirudisha mtaji, zimebaki 140,000: shilingi 100,000 ni ujira wa saa 100 za kazi, na 40,000 ni faida. Si utajiri, lakini ni fedha halali yenye hesabu inayoonekana. Na ikiwa kofia 5 hazikununuliwa, mapato yatapungua kwa shilingi 60,000. Hapo faida yote imekwisha, na ujira wenyewe umemegwa shilingi 20,000. Kwa hiyo mtu asifume kofia 100 kabla ya kujua kama 20 zitanunuliwa.

Mtasema, “Lakini mzula wa mtumba ni rahisi kuliko huo.” Ni kweli, nasi hatutashindana na mtumba kwa urahisi, maana tutashindwa. Tushindane kwa yale ambayo mtumba hauwezi: kipimo cha kichwa cha mteja mwenyewe, rangi anayoitaka, na kofia nyingine ya namna ile ile akiirudia mwakani. Klabu ya mpira ikitaka mizula 15 ya rangi moja, haitaipata katika belo.

SOKO LIKO WAPI?

Wengi wakisikia “mtandao” fikira zao huruka moja kwa moja hadi London na New York. Mimi nasema tuanze karibu. Faida ya kwanza ya simu ni kwamba mtu wa Tarime aweza kumfikia mtu wa Njombe, Makete, Mbeya, Lushoto au Arusha, ambako baridi ni kali kama kwetu ama zaidi. Aweza kuwafikia watu wa Moshi, ambako kila mwaka maelfu ya wageni, pamoja na wapagazi wao, hupanda Mlima Kilimanjaro wenye mita 5,895. Huko juu kofia ya sufu si pambo. Ni kinga ya mwili.

Na sisi wenyewe tumepakana na Hifadhi ya Serengeti, iliyoanzishwa mwaka 1951, yenye kilomita za mraba 14,763. Kati ya Julai na Oktoba nyumbu wengi huwa upande wa kaskazini, Kogatende na Lamai, na wageni huwafuata. Magari yaondoka alfajiri, paa likiwa wazi, na baridi ya nyikani haimjali mgeni wala mwenyeji. Mwenye kambi karibu na Ikoma aweza kuona picha ya kofia kwenye simu yake leo, na kesho kutwa akapokea kofia 10 kutoka Mugumu. Huo ndio mtandao wenye maana: kuuza kwa jirani ambaye hapo awali hukujua kwamba ni jirani.

Kupokea fedha si shida kama zamani. Huduma ya M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007 na hapa Tanzania mwaka 2008, na nyingine za namna hiyo zikafuata. Kusafirisha nako kwawezekana: vifurushi huenda kwa mabasi, na Shirika la Posta lina huduma ya EMS kwa atakaye kupeleka mbali. Kofia ya gramu 100 haivunjiki wala haiozi. Kabla ya kuuza nchi za nje, lakini, kila mtu aulize mambo matatu: gharama ya posta, ushuru wa nchi ya mnunuzi, na kama soko lile la mtandaoni humlipa mtu aliye Tanzania. Wako waliofuma kwanza wakauliza baadaye, na kofia zikabaki kabatini.

Najua pia kanuni za shule juu ya simu, wala simwambii mwanafunzi yeyote azivunje. Mwanafunzi afume, apime, na aandike maelezo ya kofia. Simu iwe ya mwalimu mlezi au ya mzazi aliyechaguliwa, na daftari la mauzo lisomwe mbele ya wote kila mwezi. Kwa waliokwisha kumaliza shule, wajiunge katika kikundi. Sheria yazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, na 2 kwa watu wenye ulemavu. Kikundi chenye daftari safi chaweza kusimama mbele ya afisa wa maendeleo ya jamii bila kutetemeka.

MFANO WA GULU

Sasa nirudi kwa wale vijana watatu wa Spokane. Mwaka 2007 waliunda shirika lililoitwa Krochet Kids, nao wakaenda Gulu, kaskazini ya Uganda, ambako vita vya miaka mingi vilikuwa vimewakusanya watu makambini. Waliwafundisha wanawake wa huko kufuma kofia kwa sindano ya kulabu, na kofia hizo zikauzwa Marekani, nyingi kwa njia ya mtandao. Jambo lililowapatia sifa ni hili: kila kofia ilikuwa na kitambaa kidogo ndani yake, nacho kilitiwa saini na mwanamke aliyeifuma. Mnunuzi aliweza kulitafuta jina lile, akajua ni nani aliyemkinga baridi, hata akampelekea salamu za shukrani.

Mimi nalisifu jambo la saini. Fundi anayeweka jina lake hafumi ovyo. Lakini yako mambo mawili ya kujifunza. La kwanza ni kwamba duka, fedha za mwanzo, na wanunuzi vilikuwa mikononi mwa watu wa mbali. Baadaye waanzilishi walianzisha jina jingine la biashara, KNOWN SUPPLY, lililouza fulana na nguo nyingine. Sisemi walikosea, mwenye duka ana haki ya kubadili bidhaa. Nasema kwamba asiye na duka hufuata tu. Basi sisi, hata tukianza na kofia 10, duka na liwe letu, na orodha ya wateja iwe katika daftari letu.

La pili lahusu huruma, nalo ndilo lililonifanya niandike.

TUSIUZE HURUMA

Mtandao una kishawishi kibaya. Mtu hugundua upesi kwamba picha ya kofia hupata watazamaji 10, lakini picha ya mtoto mwenye nguo zilizochanika, pamoja na habari yake ya kusikitisha, hupata watazamaji 1,000. Hapo huanza kuuza habari, na kofia ikawa risiti tu.

Katika wilaya zetu hatari hiyo ni kubwa kuliko mahali pengi. Sote twajua kwamba inapofika Desemba wako wasichana wanaokimbia kwao wasikeketwe. Ukeketaji wa msichana aliye chini ya miaka 18 umekatazwa na sheria tangu mwaka 1998, lakini wasichana bado wanakimbilia Masanga, huko Tarime, na nyumba salama ya Mugumu iliyoanzishwa na Bi Rhobi Samwelly. Msichana wa namna hiyo akifundishwa kushona au kufuma, ni jambo jema sana, maana atakuwa na njia ya kujitegemea. Lakini ikiwa picha ya uso wake na jina la kijiji chake vitawekwa kwenye simu ili kofia ziuzwe upesi, tumemfanyia nini? Tumewaonyesha waliomfukuza mahali alipo. Tumemfunga kwa habari ile maisha yake yote, hata atakapokuwa mama wa watu, mwalimu au daktari, picha itakuwa bado inazunguka. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 yazilinda habari za mtu. Lakini hata kama sheria isingekuwapo, ubinadamu ungetosha.

Wako watakaonijibu hivi: “Mwalimu, huruma huleta fedha, na fedha hiyo humlisha msichana huyo huyo. Wewe wataka alale njaa kwa ajili ya heshima?” Hoja hiyo si ya kupuuzwa, kwa kuwa njaa ni kitu cha kweli. Jibu langu ni kwamba yako mambo mawili yasiyofaa kuchanganywa. Atakaye kuisaidia nyumba ya wasichana na aisaidie waziwazi, apewe stakabadhi, naye atakuwa amefanya wema. Msaada ni msaada. Lakini kofia ni biashara. Ukizichanganya, utaharibu zote mbili: mtoaji hatajua ametoa kiasi gani, na mfumaji hatajua kama kofia yake ni njema. Mnunuzi mwenye huruma hununua mara moja, huiweka kofia sandukuni, na hasemi kwamba ukingo wake umelegea. Mnunuzi aliyependa kofia huivaa, huirudisha ikimbana, na mwakani humletea ndugu yake. Huyo wa pili ndiye afundishaye kazi.

Waingereza walijaribu njia nyingine. Mwaka 1571 walitunga sheria kwamba kila mtu aliyezidi miaka sita, ila wakuu na wachache wengine, avae kofia ya sufu iliyotengenezwa nchini mwao siku za Jumapili na sikukuu, la sivyo atozwe faini. Walikusudia kuwalinda mafundi wa kofia. Lakini watu walikuwa wamezipenda kofia za namna nyingine, na mwaka 1597 sheria ile ilifutwa. Kama amri ya serikali haikuweza kuwavisha watu kofia wasiyoitaka, huruma nayo itaweza kwa muda gani? Wahenga wamekwisha kusema: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Basi tuweke kanuni tangu mwanzo. Picha iwe ya kofia, ipigwe mchana kweupe, juu ya kichwa cha mtu mzima aliyekubali, na futi iwekwe kando yake. Maelezo yaseme uzi ni wa namna gani, kofia yafaa kichwa cha sentimeta ngapi, ifuliwe vipi, na bei yake pamoja na nauli ya kifurushi. Kama pana kasoro, isemwe. Ndani iwe na alama ya mfumaji, herufi mbili au namba, ili akipongezwa ajue, na akilalamikiwa ajue pia. Jina kamili liwekwe na mtu mzima atakaye mwenyewe, si na mtoto. Na kofia iliyorudishwa kwa haki irudishiwe fedha yake siku ile ile.

TUANZE LINI?

Mvua za masika hutuweka ndani kuanzia Machi hadi Mei. Huo ndio wakati wa kufuma. Kipupwe huja Juni, na wageni wa nyumbu hufika Julai. Hivyo, anayetaka kuuza Juni na anunue uzi Machi. Anayenunua uzi Juni atauza jua litakapokuwa limekwisha kuwa kali.

Nawaomba walimu wenzangu watoe saa moja kwa juma, na wazazi wanaojua kufuma waje watufundishe. Bibi mmoja mwenye sindano aweza kufundisha zaidi ya video 10. Nawaomba vijana wa kiume wasikae dirishani wakicheka, waingie. Na nawaomba wote watakaoshika simu ya kikundi wakumbuke kwamba wanachouza ni gramu 100 za uzi na saa tano za kazi ya mikono. Hizo zina bei yake. Shida za mtu hazina bei, kwa hiyo hazipaswi kupelekwa sokoni.

Mimi wenu katika kazi,
Mlezi wa Chama cha Kazi za Mikono